Chati ukutani, fedha kidondani: kisa cha kidonda cha mguu cha miezi 9

Neno fedha lina maana mbili, madini na pesa, na katika kisa hiki zote mbili zilifungwa ndani ya bandeji moja. Kisa kimeundwa kwa ajili ya mafunzo, kwa kuunganisha makosa yanayojirudia katika kliniki za vidonda. Mgonjwa si mtu mmoja halisi. Tafiti zinazotajwa ni halisi, pamoja na takwimu zake.

Mgonjwa na mguu wake

Ni mama wa miaka 58, mwenye kazi ya kusimama kutwa. Kidonda kiko juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Kilianza kama mkwaruzo, na sasa kina miezi 9. Siku ya tathmini mpya kilikuwa na urefu wa sm 6.5 na upana wa sm 4. Kitako chake, yaani sakafu ya kidonda, ni chekundu, robo hivi imefunikwa na utando wa njano, na kingo zinashuka taratibu, hazijakatika wima. Ngozi inayokizunguka ni ya kahawia na imekakamaa kama ubao. Juu ya sehemu hiyo ngumu shavu la mguu limetuna, mguu mzima ukawa kama chupa iliyosimamishwa kichwa chini. Jioni huvimba, asubuhi hunywea. Mishipa iliyojipinda inaonekana pajani na nyuma ya goti. Hana kisukari, na hata akitembea mwendo mrefu misuli ya mguu haimkazi kwa maumivu.

Mtu aliyezoea vidonda hahitaji kusoma zaidi. Hiki ni kidonda cha vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, mpaka kithibitike vinginevyo. Valvu za vena, vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma, zimelegea, kwa hiyo damu inayopanda inarudi chini. Kwa mtu mzima wa afya, presha ya vena kwenye kifundo hushuka anapotembea kwa sababu misuli ya shavu la mguu inasukuma damu juu. Kwa mama huyu haishuki vya kutosha. Majimaji yanavuja kwenye nyama, chembe nyekundu zinavuja nazo (rangi ya kahawia ni madini ya chuma yaliyobaki), na ngozi inakosa lishe hadi mkwaruzo mdogo unakuwa kidonda ndugu.

Faili lake lilikuwa nene. Wiki 6 za jeli, wiki 8 za hidrokoloidi (bandeji inayogeuka jeli ikilowa), kisha asali ya tiba, na mwisho wiki 11 za sponji lenye madini ya fedha, likibadilishwa mara 3 kwa wiki. Hayo ni masponji 33, bila kuhesabu yaliyomwagikiwa na maji bafuni. Juu ya sponji ilifungwa bandeji nyepesi ya kulishikilia tu. Presha ya damu ya mguuni haikupimwa hata mara moja. Mara tano kwa mwandiko wa watu tofauti limeandikwa jambo lilelile: bandeji ya kubana ingoje kidonda kipunguze maji.

Sentensi hiyo ndiyo kiini cha kosa. Maji yanatoka kwa sababu mguu haujabanwa. Kungoja yapungue ndipo ubanwe ni kungoja bomba lililopasuka lijikaushe kabla ya kufunga koki.

Kilichomfikisha kwenye fedha

Wiki 12 kabla ya tathmini, muuguzi alichukua kipamba kidondani akakipeleka maabara. Majibu yalirudi na aina mbili za bakteria, *Staphylococcus aureus* na *Pseudomonas*. Hapakuwa na homa wala wekundu unaosambaa, mguu haukuwa na joto kuliko mwenzake, na maumivu hayakuwa yameongezeka. Kwa maneno mengine, maabara ilijibu swali ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuliuliza: kidonda chochote cha miezi kadhaa kina bakteria, na kipamba kitawaonyesha. Kuwepo kwa bakteria si maambukizi. Maambukizi hutambuliwa kwa macho, kwa pua na kwa kumsikiliza mgonjwa: wekundu unaovuka kingo kwa zaidi ya sm 2, maumivu mapya, harufu iliyobadilika, nyama nyekundu inayovuja damu ukiigusa tu, kidonda kinachopanuka ghafla.

Lakini ukutani palikuwa na chati. Ni chati nzuri, ya rangi, imefunikwa plastiki isilowane, na ililetwa bure na mwakilishi wa mauzo pamoja na rula za karatasi na mafunzo ya saa moja yenye chakula. Inapanga vidonda kwa rangi ya kitako: cheusi, cha njano, chekundu, cha waridi. Kila rangi ina mshale, na kila mshale unaishia kwenye picha ya bidhaa. Pembeni kuna kisanduku kimoja chenye swali, "Je, kuna bakteria?", na mshale wake unakwenda kwenye sponji la fedha. Hakuna mshale unaotoka. Hakuna mahali palipoandikwa lini uache.

Tuliisoma chati hiyo neno kwa neno tukitafuta uongo, na hatukuuona. Kila kilichoandikwa kinatetewa. Tatizo ni kisanduku ambacho hakimo: kidonda hiki kimesababishwa na nini? Bandeji ya kidonda inauzwa kwa hali ya kitako, kwa sababu kitako ndicho inachokigusa. Vena mbovu, ateri iliyoziba, neva iliyokufa ganzi na kitanda kigumu haviguswi na sponji, kwa hiyo havina mshale. Muuguzi aliyefuata chati hiyo kwa uaminifu kabisa angeweza kuhudumia kidonda cha vena mwaka mzima bila kukutana na neno vena. Na ndivyo ilivyokuwa.

Kipeperushi, kwa karibu

Pamoja na chati kulikuwa na kipeperushi: wagonjwa 12, wiki 4, eneo la vidonda limepungua kwa wastani wa 51%. Takwimu kama hii inastahili kuvuliwa nguo polepole.

Chukua kidonda cha duara chenye kipenyo cha sm 4. Kingo zikisogea ndani milimita 6 pande zote, kipenyo kinabaki sm 2.8 na eneo limepungua kwa 51%. Sasa chukua kidonda cha kipenyo cha sm 2, kingo zisogee milimita 6 zilezile: eneo limepungua kwa 84%. Kidonda cha sm 8, mwendo uleule wa milimita 6, kinapungua kwa 28% tu. Ngozi imefanya kazi sawa katika vidonda vyote vitatu. Anayetaka asilimia nono achague vidonda vidogo, na kipeperushi hakikusema vilikuwa vya ukubwa gani.

Cha pili, wagonjwa hao 12 hawakuwa na kundi la kulinganisha. Maandishi madogo ya chini yanasema walipewa "huduma ya kawaida ikiwemo kubanwa inapofaa". Basi huenda kilichopunguza vidonda ni kule kubanwa. Cha tatu, kupungua kwa eneo si kupona. Mgonjwa hatafuti kidonda nusu. Anataka kifunge, na anataka kisirudi. Cha nne ni grafu ya nyuma, inayoonyesha fedha ikiua bakteria kwenye sahani ya maabara. Inaua kweli. Ila kwenye sahani hakuna protini na kloridi za majimaji ya kidonda ambazo huzinasa chembe za fedha, wala hakuna utando mzito ambao bakteria hujijengea ndani ya kidonda kikuukuu.

Inawezekanaje bidhaa iingie sokoni na ushahidi wa aina hiyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya bandeji za vidonda husajiliwa kama vifaa tiba, si kama dawa. Mtengenezaji anatakiwa kuonyesha kwamba kifaa ni salama na kwamba kinafanya kinachodaiwa: kinafyonza, kinabaki na unyevu, hakinati. Kwa kawaida halazimiki kuonyesha kwamba watu wengi zaidi walipona kuliko waliofungwa kitambaa rahisi kisichonata. Hakuna sheria inayovunjwa hapa; sheria yenyewe haijauliza.

Waliouliza walipata nini

Jaribio la VULCAN la Uingereza, lililochapishwa 2009, liliwagawa kwa kura watu 213 wenye vidonda vya vena. Wote walibanwa, nusu waliwekewa bandeji zenye fedha chini ya ule mbano, nusu vitambaa visivyonata bila fedha. Baada ya wiki 12 walipona 59.6% upande wa fedha na 56.7% upande wa pili, tofauti isiyotofautika na bahati. Gharama iliongezeka kwa pauni 97.85 kwa kila mgonjwa bila faida inayoonekana. Asali nayo ilipimwa New Zealand katika jaribio la HALT la 2008, watu 368: 55.6% dhidi ya 49.7%, tena si tofauti ya kuaminika, na waliopakwa asali walilalamika maumivu zaidi. Hidrokoloidi chini ya bandeji ya kubana nayo haikuonekana kukishinda kilicho kinyonge kuliko vyote, kitambaa kisichonata.

Upande wa pili wa mizani kuna mbano wenyewe. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 48, yalionyesha kwamba vidonda vya vena hupona zaidi vikibanwa kuliko visipobanwa, na kwamba mifumo ya tabaka kadhaa huishinda ya tabaka moja. Rudi sasa kwenye faili la mama huyu. Alipewa kila kitu ambacho majaribio yameshindwa kukitofautisha na kitambaa, akanyimwa kile kimoja kilichotofautishwa.

Watengenezaji nao wana hoja

VULCAN ilipotoka, watetezi wa fedha walisema jaribio limekosea shabaha: fedha ni ya kidonda chenye maambukizi, kwa muda mfupi, na wale 213 hawakuchaguliwa kwa sababu ya maambukizi. Ni hoja ya haki. Mwaka 2012 jopo la kimataifa likaandika mwafaka ambao sasa wengi wanaufuata: tumia fedha wiki 2, kisha pima upya, maambukizi yakiisha, acha, yasipobadilika, fikiria njia nyingine. Sawa kabisa. Ila hoja hiyo ikikubaliwa inawageukia waliouza. Ikiwa fedha si ya kidonda kisicho na maambukizi, kwa nini chati haikuwa na mshale wa kuiacha? Masponji 27 kati ya yale 33, yaani yote baada ya wiki 2 za mwanzo, hayakuwa na utetezi hata kwa kanuni ya watetezi wenyewe. Na yale 6 ya mwanzo yalitokana na kipamba, si na dalili.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na tunalikuta sana kwa madaktari vijana wanaopenda kusema "hakuna ushahidi". Mgonjwa mwenye nyama inayooza na kunuka na wekundu unaotambaa hanyimwi bandeji ya kuua bakteria, sambamba na antibayotiki inapohitajika, kwa sababu ya VULCAN. Jaribio hilo halikumhusu. Na bandeji ya kisasa si ulaghai kwa sababu tu inauzwa: wazo la kuacha kidonda na unyevu lilitoka kwenye majaribio ya George Winter juu ya nguruwe mwaka 1962, ambapo ngozi chini ya filamu ya plastiki iliota takribani mara mbili kwa kasi ya kidonda kilichoachwa kikauke. Viwanda ndivyo vilivyoligeuza wazo hilo kuwa kitu unachoweza kukifungua kwenye pakiti.

Wala kisingizio kwamba kampuni haziwezi kugharimia majaribio makubwa ya vidonda hakisimami. Jaribio la Explorer, la 2018, lililipiwa na mtengenezaji: watu 240 wenye kidonda cha mguu wa kisukari, pande zote mbili zikipewa bandeji za mwonekano mmoja hata muuguzi asijue ipi ni ipi. Kwa wiki 20 vidonda vilifunga kwa 48% upande wenye bandeji iliyotiwa kemikali ya sukrosi oktasalfeti na 30% upande wa pili. Anayetaka kuaminiwa anajua njia.

Kilichofanyika mguuni

Kwanza presha ya mguu. Mgonjwa alilala chali dakika 15. Kidonda kilifunikwa kwa plastiki nyembamba, mpira wa mashine ya presha ukafungwa juu ya kifundo, jeli ikapakwa, na kipimo cha dopla, kinachosikilizisha mtiririko wa damu, kikaelekezwa kwa pembe ya nyuzi 45 juu ya ateri ya mgongo wa wayo na ile iliyo nyuma ya kifundo. Mpira ulijazwa hadi sauti ikapotea, ukaongezwa milimita 20 za zebaki, kisha ukaachiwa polepole mpaka sauti ikarudi. Mikono yote miwili ilipimwa, ikachukuliwa ya juu: 138. Ya juu ya kifundo: 132. Uwiano wa kifundo kwa mkono: 0.96. Kati ya 0.8 na 1.3 mguu unaruhusu mbano kamili. Chini ya 0.8 mbano hupunguzwa na mtaalamu. Chini ya 0.5 haubanwi na mgonjwa anapelekwa haraka kwa daktari wa mishipa. Juu ya 1.3 usifurahi: ateri imekuwa ngumu kama bomba, hasa kwa wenye kisukari au figo mbovu, na kipimo kinadanganya. Hapo hupimwa kidole gumba cha mguu.

Mguu ulioshwa kwa maji safi ya uvuguvugu, magamba yakatolewa kwa mafuta, utando wa njano ukakwanguliwa. Juu ya kidonda kiliwekwa kitambaa kisichonata na pedi ya kufyonza. Basi. Kisha tabaka nne, kutoka kwenye mzizi wa vidole hadi vidole viwili chini ya goti, wayo ukiwa umesimama kwa pembe ya nyuzi 90: sufi laini ya kuziba mashimo na kulinda ukingo wa muundi na kano za kifundo, krepu (bandeji nyepesi ya kitambaa chenye mikunjo), bandeji ya kunyumbuka kwa mtindo wa namba nane, na ya mwisho inayojishikiza. Tabaka mbili za mwisho huvutwa kwa nusu ya unyumbufu wake, kila mzunguko ukilala juu ya nusu ya uliotangulia. Shabaha ni milimita 40 za zebaki kwenye kifundo, zikipungua kuelekea gotini.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mvuto ukiwa uleule, mguu mwembamba hupata presha kubwa kuliko mnene. Kifundo cha mama huyu kilikuwa sm 24 siku ya kwanza. Baada ya wiki 2 uvimbe uliposhuka kilikuwa 21.5. Fundi yuleyule kwa mvuto uleule sasa anabana takribani 12% zaidi, kwa hiyo mzingo hupimwa upya na sufi huongezwa. Chini ya sm 18 usifunge bila kuongeza sufi. Wiki 2 za mwanzo bandeji ilibadilishwa mara 2 kwa wiki kwa sababu uvimbe unashuka na bandeji inalegea. Baadaye mara 1. Aliambiwa aikate mwenyewe kwa mkasi endapo vidole vitakuwa vya baridi, vya bluu au vyenye ganzi, asingoje kesho. Usiku wa pili alilalamika maumivu ya mbele ya muundi. Ilipofunguliwa palionekana alama nyekundu ya krepu iliyojikunja. Mtu asiyeeleweshwa angesema mbano umemkataa, na faili lingerudi kwenye masponji.

Wiki ya 4 kidonda kilikuwa sm 5.2 kwa 3. Kwa kuzidisha urefu na upana, 26 imekuwa 15.6, yaani 40% imeondoka. Kiasi hicho kwa wiki 4 ni dalili njema. Wiki ya 19 kilifunga. Nasi tujitazame tusijenge kipeperushi chetu: kupona kwa mgonjwa mmoja hakuthibitishi mbano, kama vile wale 12 hawakuthibitisha sponji. Mbano ulistahili kabla hajaingia mlangoni.

Alikuwa tayari amepewa rufaa ya kuzibwa vena mbovu tangu wiki ya 3. Jaribio la EVRA la 2018, watu 450, lilionyesha kwamba kuziziba mapema pamoja na mbano kunafikisha nusu ya wagonjwa kwenye kupona kwa siku 56, dhidi ya siku 82 pale zilipoachwa hadi baadaye. Baada ya kupona anavaa soksi za kubana kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na hubadilishiwa jozi kila miezi 6 kwa sababu mpira huchoka.

Chati mpya

Kwenye kliniki, chati ya rangi ilibaki ukutani, kwa kuwa sehemu yake ya kitako inafaa. Juu yake ilibandikwa karatasi moja ya mwandiko wa mkono: sababu ni nini, uwiano wa presha ni ngapi, mguu umebanwa lini. Bila majibu matatu hayo bandeji ya bei haitoki stoo.

Mwakilishi wa mauzo anapokuja sasa anapewa dakika 20 na kamati ya manunuzi, si chumba cha wauguzi, na anaulizwa mambo yaleyale kila mara: ililinganishwa na nini, kipimo kilikuwa kufunga kabisa au kupungua, aliyepima alijua nani kapewa nini, na je, majaribio yote yaliyofanywa yamechapishwa? Swali la mwisho si la ugomvi. IQWiG, taasisi ya Ujerumani ya kutathmini tiba, ilipochunguza tiba ya kufyonza vidonda kwa mashine, ilikwama kwa sababu matokeo ya tafiti kadhaa hayakuwa yametolewa. Wawakilishi wawili hawakurudi. Mmoja alirudi na karatasi kamili ya utafiti, yenye majedwali, akakiri kwamba bidhaa yake haikushinda kwenye kufunga lakini ilipunguza mabadiliko ya bandeji. Hiyo ni faida ya kweli kwa mgonjwa anayesafiri, na ilinunuliwa kwa sababu hiyo, ikiandikwa hivyo.

Maboksi ya fedha yaliyobaki yako kabati la pili. Mlangoni limening'inizwa daftari lenye safu nne: dalili ya maambukizi iliyoonekana, jina la aliyeiona, tarehe ya kuanza, na tarehe ya kusimamisha, ambayo hujazwa siku ileile ya kuanza.